Daktari Livingstone na Mwitu wa Mungu



Mtu atokaye Lusu kwenda Tabora hupita katika nchi ambayo zamani ilisifiwa kwa mwitu wake wa miyombo, mitundu na mininga. Wazee wetu waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani walitembea siku nyingi chini ya kivuli chake, wakala asali yake na uyoga wake, wakatibiwa kwa mizizi yake. Leo msafiri huona mashina yaliyokatwa, na matanuri ya mkaa yakitoa moshi, na upande wa Urambo na Kaliua huona kuni zimepangwa kama ukuta kando ya mabani ya kukaushia tumbaku. Mwitu haujaisha, lakini umerudi nyuma, nasi ndio tuliousukuma.

Si siku nyingi zilizopita wazee wa usharika mmoja wa jirani walikutana kushauriana habari ya kijisitu kilicho nyuma ya kanisa lao. Wengine walitaka kikatwe chote, kichomwe mkaa, na fedha zipatikanazo zinunue mabati, kwa maana paa lavuja. Mwalimu mmoja, mtu mwema na mwenye bidii, akaniuliza kama si kosa kuihurumia miti mahali ambapo watu wananyeshewa katika ibada. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki. Nimelifikiri sana tangu hapo, na jibu nililolipata limo katika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake twalijua sote, naye aliwahi kukaa karibu nasi, pale Kwihara. Ndiye Daktari David Livingstone. Wengi wamjua kuwa msafiri na adui wa biashara ya watumwa. Wachache wamjua kuwa mtu aliyependa mwitu tangu utoto hata kufa. Nataka kuisimulia habari yake kwa upande huo.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, jamaa yote ikikaa katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku. Humo ndani mlikuwa na joto na unyevu, na kelele za mashine zilizoziba masikio. Katika mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini, akakiweka juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita. Usiku akaenda shule.

Mtoto wa namna hiyo, afungwaye ndani saa 14 kila siku, angeweza kunyauka kama mche uliokosa jua. Lakini kila alipopata siku ya mapumziko alitoka na ndugu zake kwenda mashambani na kwenye mito, akikusanya mimea na kuitafuta katika kitabu cha madawa ya miti. Siku moja aliingia katika machimbo ya mawe ya chokaa, akaona magamba ya konokono wa baharini yamegeuka mawe ndani ya mwamba. Alimwuliza mchimbaji mmoja yamefikaje humo. Yule mtu akamjibu kwamba Mungu alipoiumba miamba aliyaumba na magamba ndani yake. Jibu hilo halikumtosha yule kijana. Aliona kwamba mtu akimheshimu Muumba, imempasa kuichunguza kazi yake, asiipite tu.

Hapo ikatokea shida nyumbani. Baba yake, Neil, alikuwa muuza majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu mcha Mungu sana. Aliogopa kwamba vitabu vya elimu ya viumbe vitamtoa mwanawe katika imani, akataka asome vitabu vya dini tu. Mtoto akakataa, akapigwa. Kwa miaka kadha jambo hilo likamsumbua, mpaka alipopata kitabu cha mwalimu mmoja wa Uskoti, jina lake Thomas Dick, aliyeonyesha kwamba elimu ya nyota, mawe na mimea haipigani na imani. Tangu siku hiyo moyo wake ukatulia. Aliushika uhuru huo maisha yake yote: Biblia mkono mmoja, na mkono wa pili jani la mti asiolijua jina lake.

Katika mwaka 1834 alisoma maneno ya Karl Gützlaff, mmisionari Mjerumani wa Kilutheri aliyefanya kazi China, aliyewaomba Wakristo wapeleke madaktari huko. Livingstone akajitoa. Mwaka 1836 akaanza kujifunza udaktari mjini Glasgow. Lakini vita vya kasumba vikaifunga njia ya China, na katika siku zile akakutana na mmisionari Robert Moffat, aliyefika kutoka kusini mwa Afrika. Mwaka 1841 Livingstone akatua huko, na baadaye, mwaka 1845, akamwoa Mary, binti yake Moffat.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kati ya Watswana. Mwaka 1844 simba alimrukia, akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mwafrika mmoja mwalimu, jina lake Mebalwe, alijaribu kumpiga yule simba risasi, na simba akamwacha Livingstone akamrukia yeye. Hivyo Livingstone aliokoka kwa ajili ya mtu aliyejitia hatarini badala yake. Mfupa ule haukuunga vizuri, na tutaona mbele jinsi ulivyotumika.

Mwaka 1847 alihamia Kolobeng pamoja na mfalme Sechele na watu wake, wakachimba mfereji ili wapate maji ya kumwagilia mashamba. Ndipo ukaja ukame wa miaka mingi. Mto ukakauka, samaki wakafa. Moffat, mkwewe, alikuwa amekwisha kuandika kwamba watu wa nchi zile, kwa kuikata miti pasipo kiasi, walikuwa wameuzidisha ukavu wa nchi yao. Livingstone alichimba udongo akaweka kipimajoto, akaona jinsi ardhi iliyokosa kivuli ilivyoungua. Lakini aliona na jambo lingine. Mchwa wakatika udongo uleule mkavu walikuwa wakijenga kwa tope bichi, na chumba cha ndani ya kichuguu kilikuwa na unyevu. Akakaa akistaajabu wamepata wapi maji.

Kisha, alipovuka jangwa la Kalahari mwaka 1849 kwenda ziwa Ngami, aliwaona wanawake wa jangwani wakichimba shimo mchangani, wakatia unyasi wenye tundu, wakafyonza maji kwa kinywa na kuyajaza katika maganda ya mayai ya mbuni. Alijifunza pia habari za mizizi minono iliyo chini ya ardhi, yenye maji ya kutosha kuokoa maisha ya mtu mwenye kiu. Mgeni aliyekuja kufundisha akakaa chini akafundishwa. Alijua kuwa mwenyeji asiyejua kusoma kitabu anaweza kuisoma nchi vizuri kuliko mwenye shahada.

Katika miaka ya 1853 mpaka 1856 alisafiri na Wamakololo mpaka Luanda iliyo pwani ya magharibi, kisha akarudi akaenda mpaka Quelimane pwani ya mashariki. Vitabu vyake vya siku zile vimejaa habari za viumbe. Nataka kutaja mambo matatu tu.

La kwanza ni mbuyu. Aliona kwamba watu huubambua maganda ili wasokote kamba, nao huota maganda mapya. Moto huuzunguka usife. Hata ukianguka chini huendelea kuishi. Aliuheshimu mti huo kama mtu amheshimuvyo mzee aliyeshinda mengi.

La pili ni yule ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali, ambaye warina asali wa Tabora wamfahamu sana. Livingstone alikuwa amesikia kwamba ndege huyo ni mdanganyifu, humpeleka mtu kwa simba au nyoka. Hakulisadiki neno hilo wala hakulikataa kabla ya kuuliza. Aliwauliza watu wake, nao walikuwa 114. Katika hao wote ni mmoja tu aliyesema kwamba aliongozwa na ndege akamkuta tembo badala ya nyuki. Basi akaandika kwamba ndege huyu ni mwaminifu. Huo ndio unyofu mbele ya kiumbe: kutomsingizia hata ndege pasipo ushahidi.

La tatu ni bustani yake. Mwezi wa Novemba 1855 alifika kwenye maporomoko makubwa ya Zambezi, ambayo wenyeji waliyaita moshi uungurumao. Juu ya kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko alipanda kokwa za matunda ya kwao na mbegu za kahawa, kwa kuwa mvuke wa maji uliilowesha nchi ile siku zote. Aliagiza ijengwe boma kuzuia viboko. Tena alichora herufi za jina lake katika gome la mti, akakiri baadaye kwamba hapo tu katika Afrika aliwahi kufanya upuzi wa namna hiyo. Alipopita tena mwaka 1860, viboko walikuwa wamekanyaga kila kitu. Bustani haikubaki. Mwitu ulibaki.

Baada ya hayo akawa mtu mwenye sifa kubwa Ulaya, na sifa haikumfaa. Safari ya pili ya Zambezi, tangu 1858 mpaka 1864, ilikuwa na ugomvi mwingi. Livingstone alikuwa mtu wa kimya na mgumu, asiyejua kuwaongoza Wazungu wenzake. Mkewe Mary, ambaye alikuwa ameachwa miaka mingi na watoto katika uhitaji, alimfuata, akafa kwa homa huko Shupanga mwezi wa Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Hatuna budi kusema kweli: jamaa yake ilizilipia safari zake.

Hata hivyo safari ile ilizaa jambo moja kwa ajili ya wagonjwa wa dunia nzima. Pamoja naye alikuwako daktari kijana, John Kirk, mjuzi wa mimea. Kirk alikusanya sumu ya mishale ya wenyeji, ipatikanayo katika mmea utambaao, na bila kujua ikagusa mswaki wake. Alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutoka mmea huo wataalamu wakatengeneza dawa ya ugonjwa wa moyo. Wawindaji wa Zambezi walikuwa wameijua nguvu yake kabla ya hospitali yo yote.

Mwezi wa Machi 1866 Livingstone alitua Mikindani, aanze safari yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 53. Aliandika siku zile jinsi anavyoona raha kutembea tena katika nchi pori: viungo hulegea na kupata nguvu, damu huenda upesi, akili husafika, macho huona vema, hatua huwa imara, na jioni mtu hulala usingizi mtamu. Hayo ni maneno ya daktari, si ya mtunga mashairi. Yule mtoto wa kiwandani hakusahau nini kilichomponya.

Lakini haikupita miezi mitatu akaona, katika mwitu uleule wa Ruvuma, maiti ya mwanamke amefungwa shingo kwenye mti. Watu walimwambia kwamba alishindwa kwenda na msafara wa watumwa, na bwana wake hakutaka mwingine amwokote akipona. Kwenye mti ambao Mungu aliuotesha uwe kivuli, mwanadamu alifanya mahali pa kuulia. Tangu hapo habari zake zimechanganyika: ukurasa mmoja maua na ndege, ukurasa wa pili minyororo.

Januari 1867 wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa. Humo mlikuwa na kwinini yake, dawa ya homa. Aliposikia, aliona kana kwamba amehukumiwa kufa. Tukumbuke kwinini ni kitu gani: ni unga wa gome la mti wa misitu ya Amerika ya Kusini, na wenyeji wa kule waliyajua magome yake kuwa dawa kabla ya Ulaya kuyajua. Miaka mingi maisha ya msafiri huyu yalikuwa yamening'inia katika gome la mti. Tangu siku ile mwili wake ulianza kuvunjika.

Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Aliusifu mwitu wa huko kwa uzuri wake kuliko nchi nyingi alizoziona. Hapo, tarehe 15 Julai, watu wa wafanya biashara ya watumwa waliufyatulia risasi umati wa sokoni. Mamia ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa au kuzama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake wala hakuweza kuzuia. Alirudi Ujiji akiwa mfupa na ngozi, mali yake imeuzwa, moyo wake umepondeka. Ndipo Stanley alipomkuta, mwishoni mwa mwaka ule, wakaja pamoja mpaka Unyanyembe, wakafika Kwihara mwezi wa Februari 1872. Stanley alipoondoka tarehe 14 Machi, mzee akabaki kungoja wapagazi waje kutoka pwani. Akangoja miezi mitano.

Nyumba ile ya Kwihara ipo mpaka leo, nayo huonyeshwa wageni. Kila nikipita upande ule hufikiri habari ya miezi ile mitano. Alikuwa mgonjwa, meno yake yameharibika, rafiki yake ameondoka, na kumbukumbu za Nyangwe zikimjia. Alifanya nini? Aliandika barua kali juu ya biashara ya watumwa, ili watu wa Marekani na Ulaya wajue. Na pamoja na hayo alitazama ndege. Katika ua wa nyumba ilikuwapo mikomamanga, na jamaa ya ndege wadogo, ambao yeye aliwahesabu kuwa fumbwe, walikuja pale, wazazi wawili na watoto wanane. Watoto walikuwa wamekwisha kuota manyoya yote, lakini bado walilala kifua chini na kuinua midomo, wakilia walishwe. Mama aliwapa chakula kwa wingi. Baba, mwenye kifua chekundu, alimpa mmoja au wawili, kisha akawafukuza wengine. Mzee akayaandika hayo yote katika daftari lake, neno kwa neno, kama aandikavyo karani habari ya baraza kubwa.

Mtu aweza kucheka. Damu imemwagika Manyema, na huyu anahesabu vifaranga! Lakini mimi naona kwamba yule aliyewahesabu vifaranga wanane ndiye yuleyule aliyewahesabu waliouawa Nyangwe. Jicho lililozoea kuona kilicho kidogo halikuweza kumpita mwanamke aliyefungwa mtini. Kwa wafanya biashara wengi wa siku zile tembo alikuwa pembe tu, na mtu alikuwa mzigo tu, na mwitu ulikuwa kizuizi cha njia tu. Aliyeudharau mwitu ndiye aliyemdharau mtu, kwa moyo mmoja. Wala huruma ya Livingstone kwa viumbe haikumpunguzia huruma kwa wanadamu. Ilikuwa chemchemi moja.

Na barua zile hazikupotea. Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Balozi wa Kiingereza aliyeshughulika na mkataba ule alikuwa John Kirk, yule mjuzi wa mimea.

Lakini Livingstone hakuishi kupata habari hiyo. Wapagazi walifika Kwihara katikati ya Agosti 1872, na tarehe 25 akaondoka kwenda kusini. Masika yalimkuta katika mabwawa ya Bangweulu. Tumbo la kuhara damu likamdhoofisha, akabebwa kwa machela. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Sasa ndugu zangu, sikieni kazi ya Waafrika wale. Viongozi wao walikuwa Susi na Chuma, na pamoja nao alikuwapo Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika vizuri. Waliazimu kuurudisha mwili kwao. Moyo wake wakautia katika kopo la bati, wakauzika chini ya mti wa mpundu, ambao sisi twauita mbula. Jacob akasoma maneno ya maziko, akachora jina katika shina. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14. Kisha walilibambua gome la mti mzima mzima, wakaupata mwanzi mpana kama mzinga wa nyuki wa kwetu, wakautia mwili humo, wakaushona katika nguo nene. Mwitu uliomlisha ndio uliompa jeneza.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Hapo Mwingereza Cameron, aliyetumwa kumtafuta, aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, walisikia kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite. Basi wakafunga mabua ya mtama katika nguo kama maiti, wakawatuma watu sita kuyarudisha kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Nao wakayatawanya mabua mwituni, wakarudi kwa siri. Mwili wenyewe ukafungwa kama mtumba wa nguo. Hivyo wakafika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa ya njia. Huko London daktari aliuangalia mkono wa kushoto, akaona mfupa uliovunjwa na simba wa 1844, ambao haukuunga vizuri, na watu wakajua kwamba ndiye. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster, naye Jacob Wainwright alikuwapo.

Lakini moyo ulibaki Chitambo. Nataka kumaliza kwa jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Kabla ya kuondoka, wale watu walimwomba mzee Chitambo neno moja kwa ajili ya kaburi lile. Hawakumwomba jengo. Walimwomba aendelee kufyeka majani yaliyouzunguka mti, ili moto wa nyika usiuunguze. Walijua, kama sisi tujuavyo, kwamba adui wa mti ni shoka, na tena ni moto wa kiangazi uwashwao na mtu asiyefikiri kesho. Mti ule ulisimama zaidi ya miaka 25. Karibu na mwaka 1899, ulipokuwa umeanza kuoza, ulikatwa, na kipande kilichoandikwa kikapelekwa London. Mwaka 1902 nguzo ya ukumbusho ikajengwa mahali pake.

Sasa narudi kwa yule mwalimu na paa lake. Sitamwambia kwamba mti ni bora kuliko mtu. Livingstone hakusema hivyo, wala maisha yake hayafundishi hivyo. Mabati yanunuliwe. Lakini kijisitu kikikatwa chote, mabati yatapatikana mara moja tu, na baada ya hapo jua litawapiga watu wa Mungu nje ya mlango, upepo utachukua udongo, na akina mama watakwenda mbali zaidi kutafuta kuni, uyoga na dawa. Miyombo na mitundu huchipuka kutoka katika mashina yake ikiachwa ipumzike, isichomwe, isiliwe na mbuzi. Jirani zetu wa Shinyanga wameyaona hayo. Nchi yao ilikuwa imekwisha kuwa uwanja mtupu. Tangu 1986 watu walisaidiwa kuifufua desturi ya wazee wao ya ngitili, yaani kuzuia malisho ya kiangazi yasiguswe, na miti ikarudi katika maelfu mengi ya hekta, pamoja na nyasi, na asali, na ndege.

Basi shauri langu ni hili. Wazee wa usharika wachague miti michache iliyokomaa, waiuze kwa haki na kwa kibali cha serikali. Katika iliyobaki watundike mizinga, asali na nta zisaidie mabati mwaka hata mwaka. Kabla ya mwezi wa Julai vijana wafyeke njia ya kuzuia moto, kama walivyoombwa watu wa Chitambo. Na walimu wawatoe watoto wa shule ya Jumapili nje mara moja kwa mwezi, wakae kimya chini ya miti, wajifunze majina yake kwa Kinyamwezi na Kiswahili, kwa kuwa mtu asiyelijua jina la kitu hawezi kukililia kikipotea.

Tena kwa wewe msomaji uliyechoka, uliyefiwa, au uliyeona mabaya ambayo huwezi kuyasahau: toka nyumbani jioni moja, uende polepole mpaka penye miti, ukae. Usichukue panga. Mzee wa Kwihara alikuwa na majeraha kuliko yako na yangu, na miezi ile mitano hakuupata mji wa starehe wala rafiki wa kumfariji. Alipata mikomamanga miwili mitatu na jamaa ya ndege. Mwezi wa Agosti akainuka akaenda kazini.

Mungu, aliyetuweka katika bustani tuilime na kuitunza, atupe macho ya kuiona kabla haijatoweka. Amina.